Jibu: Una stashahada ya magari, usome shahada ipi?

Habari ndugu. Umeeleza kwamba una stashahada ya uhandisi wa magari, na umekwama kati ya shahada ya fani hiyohiyo katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, na ile ya uhandisi mitambo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Anza na vyeti vyako: wenye stashahada hutakiwa GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na chuo kinaweza kuongeza masharti yake.

Katika karakana yetu tumepokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka fani zote mbili. Shahada ya mitambo inakufungulia pia viwanda na migodi, lakini kama moyo wako uko kwenye magari, ningechagua ya magari, mradi silabasi yake iwe na umeme wa kutosha. Gari la leo likigoma, mara nyingi hatuanzi kwa kufungua injini. Tunazima swichi, tunachomoa betri, kisha tunaweka mita ya kupima ukinzani kwenye pini ya 6 na ya 14 za soketi ya uchunguzi (OBD) iliyo chini ya usukani, zinakofika nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huwasiliana kwazo. Kwa magari mengi, omu 60 hivi ni ishara kwamba nyaya hizo ziko sawa, kwa kuwa kila ncha yake ina rizista moja. Ukisoma 120, rizista ya upande mmoja haifikiwi. Spana unaijua tayari (na wengi wa mitambo hawaijui), kwa hiyo kafuate hayo ya umeme.

Kabla ya kulipa, hakikisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaitambua shahada hiyo. Ada waulize chuo chenyewe.