Darasa likikaa kimya kwenye majadiliano

Pole, mwalimu mwenzangu wa chuo huko Mtwara. Nimekuelewa: unauliza swali, darasa zima linainamia madaftari, wanajibu walewale wawili wa mbele, mwisho unaishia kutoa mhadhara.

Anza na swali lenyewe. "Taja faida za ushirika" jibu lake liko kwenye notisi, hakuna cha kubishania. Uliza hivi: mkulima wa Newala anayedaiwa ada ya mtoto leo, asubiri malipo ya mnada wa stakabadhi ghalani (korosho huwekwa ghalani hadi ziuzwe kwa mnada) au auze korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayelipa papo hapo kwa bei ya chini? Hapo hata wa nyuma kabisa ana la kusema, maana kwao wanalima.

Ukishauliza, nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu. Wakisubiri 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanaochangia huongezeka.

Wakibanwa na Kiingereza, wajadili kwanza wawili wawili kwa Kiswahili, ndipo watoe hoja kwa Kiingereza. Mweleze mkuu wa idara mapema, vyuo vingine ni vikali kwa hilo. Mimi hoja zao huziandika ubaoni kwa maneno yao wenyewe, bila kuzipamba. Wakiziona pale, wanazitetea kweli.

Usimshtukize mkimya kwa jina mbele ya wenzake, atazidi kujifungia. Ila aliyekuwa mchangamfu akanyamaza ghafla na kuanza kukosa vipindi, huyo mwite pembeni, kisha umfikishe kwa mshauri wa wanafunzi.