Mkungu unaoinua baraza: ukatwe mizizi au uondolewe?

Sheikh, umeuliza ufanyeje na huo mkungu (mti wa kungu) wa barabarani mbele ya nyumba yako ya Mpendae, Unguja, ambao mizizi yake inainua baraza. Mizizi usiiguse. Ukiikata karibu na shina ili kuokoa baraza, mti unabaki hauna cha kujishikilia, na upepo wa kusi ukianza kuvuma mti utakuja kulalia ukuta wako. Shina likiwa zima, pogoa tu: tawi likatwe penye kile kivimbe linapoungana na shina, lisiachwe kigutu kikaoza. Na fundi asikunyolee kichwa chote cha mti. Matawi yanayochipua baadaye huwa dhaifu kuliko ya mwanzo.

Ukiligonga shina likalia kama ngoma, au uyoga umeota chini yake, hapo mti uondolewe kweli. Lakini mti wa barabarani si wako, anzia kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kisha manispaa.

Badala yake mimi ningepanda mstafeli au mkomamanga, ingawa matunda watakula watoto wa skuli. Shimo liwe na upana mara mbili ya fungu la mizizi, kina kisizidi cha fungu hilo. Panda masika yakianza, mwezi wa Machi. Uzungushie uzio, mbuzi wa mtaani unawajua, na kiangazi cha kaskazi kikiingia umwagilie.