Picha za kumaliza sekondari: nywele na poda kwanza

Dada, kwa picha za binti yako za mwaka wa mwisho wa sekondari hapo Marekani, ulizia shuleni tarehe ya mwisho ya kupeleka picha ya kitabu cha mwaka, kile cha shule chenye picha za wanafunzi, na kama lazima apigwe picha na studio ya shule. Rasta asuke siku nne au tano kabla. Akisuka jana yake, ngozi ya paji la uso inakuwa imevutwa na vipele vya kwenye nywele za mbele vinaonekana wazi.

Poda ndiyo inayoharibu sana picha za ngozi nyeusi. Yenye kinga ya jua, au ile nyeupe ya kumalizia mekapu, flashi ikipiga uso unatoka kama umepakwa majivu na shingo inabaki na rangi yake. Mpakeni siku moja kabla, mpigeni picha kwa flashi ya simu chumbani gizani, mtaona.

Miwani inayobadilika rangi juani asivae nje. Saa na kibana nywele avue mkononi nusu saa kabla, alama zipotee. Blauzi ya mistari myembamba iacheni, kwenye picha mistari hutoka kama mawimbi. Na kama studio inawavisha wasichana kile kitambaa cheusi cha mabega wazi, avae sidiria isiyo na mikanda.