Kabla hujashika mashine, pitisha ukucha kwanza

Mkuu, umeuliza kama mikwaruzo ya mlango wa gari lako jeusi itatoka kwa polishi au ni lazima upige rangi upya. Osha mlango, ukaushe, kisha pitisha ukucha ukikatisha mkwaruzo. Ukucha ukiteleza tu, polishi inatosha. Ukinasa, mkwaruzo umezama, na polishi itaufifisha bila kuumaliza. Ukiona praima (rangi ya chini kabisa) au bati, huo ni wa fundi rangi.

Magari ya sasa yana praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ndiyo inayong'aa. Hiyo klia mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Na polishi haizibi mkwaruzo, inakula klia ya pembeni mpaka ilingane na shimo. Kila ukisugua unapunguza kitu kisichorudi.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Niliazima mashine ya polishi ya kuzunguka, ile nzito, nikaifunga pedi ya manyoya na kompaundi kali, yaani polishi ya kukwangua zaidi. Boneti ilianza kung'aa, nami kichwa kikavimba. Nilipofika kwenye ukingo, pale bati linapokunjika, nikaikandamiza. Pedi ikaanza kuwa nyekundu. Nikajisemea, ona uchafu unavyotoka! Kumbe ni rangi ya gari. Nilipofuta nikakuta doa kama sarafu, limepauka, halina mng'ao hata chembe. Boneti nzima ikapigwa rangi upya. Kwenye kingo na kona rangi huwa nyembamba, kwa hiyo siku hizi nazibandika tepe ya karatasi kabla sijawasha chochote.

Kama unaanza, tafuta mashine ambayo pedi inazunguka huku inayumba. Ni ya polepole lakini ina huruma. Fanya kivulini, bati likiwa la baridi. Anza na polishi laini na pedi ya sponji laini, sehemu ndogo tu, kama upana wa viganja viwili, matone manne matano yanatosha. Pita taratibu, kwanza kwa mlalo, kisha kwa wima. Isipotosha ndipo upande kwenye kompaundi, na ukipanda lazima urudi kumalizia na ile laini, la sivyo kwenye jeusi utabaki na ukungu. Msasa wa maji namba 2000 na 3000 upo, lakini kwa mara ya kwanza sikushauri.

Ukimaliza usishangilie. Futa kwanza kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kuificha. Nimewahi kumwita jirani aje aone kazi, baada ya kuosha gari mara mbili mikwaruzo yote ikarudi.

Aliyesema dawa ya meno hutoa mikwaruzo hajakosea sana, ina chembe za kusugulia. Ila ni dhaifu, utachoka mkono kabla ya mkwaruzo kuchoka.

Mwagia maji pale palipokwaruzwa, kisha upige picha mbili, palipolowa na pakavu, ukimulika tochi kwa ubavu. Mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa, una uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye klia tu. Ziweke hapa tuone.