Kabla hujanunua kipima ugumu, weka kazi yako kwenye mizani

Karakana niliyoifanyia kazi kwa miaka kadhaa ilikuwa ikichonga pini na bushi (bomba fupi la chuma ambamo pini huzunguka) za ekskaveta. Mteja anataka bushi yenye ugumu wa 58 kwa Rockwell C, skeli ya ugumu wa chuma ambayo namba ikipanda, chuma ni kigumu zaidi. Tunakereza, tunapasha moto, tunazimisha kwenye oili, tunairudisha kwenye joto la chini isije ikakatika kama glasi, ndipo tunapima. Hapo kwenye kupima ndipo tulipojiharibia.

Tulikuwa na kile kipimo cha mkononi, mfano wa peni nene. Unakisimamisha juu ya chuma, unabonyeza, kinagonga, namba inatokea. Siku hiyo bushi kumi na mbili zikasoma 47, 46, 48. Bosi akaamuru zirudi tanuruni. Tanuru letu dogo, likabeba saba. Zilipotoka kwenye oili mara ya pili, tatu zilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kuanzia tundu la grisi hadi ukingoni.

Mzee wetu wa lezi akaokota moja ya zile tano zilizobaki, akapitisha tupa mpya. Ikateleza kwa mlio mwembamba, ikaacha mng'aro tu. Akaniambia, "Mwanangu, hiki chuma kigumu. Hicho kidude chako ndicho kinakudanganya."

Kidude hakikudanganya, sisi ndio hatukukielewa. Kipimo cha aina hiyo, kinachoitwa Leeb, kinarusha kigololi cha milimita 3 na kulinganisha kasi ya kwenda na ya kurudi. Chuma kikiwa kigumu, kigololi kinarudi kwa kasi. Lakini kazi, yaani kipande unachokipima, ikiwa nyepesi, yenyewe inatikisika na kumeza nguvu ya pigo, kigololi kinarudi kwa unyonge, nawe unaambiwa chuma ni laini. Kwa ile ya kawaida, aina ya D, kazi inapaswa kufika kilo 5 ndiyo uipime ilivyo. Kati ya 2 na 5 uiegemeze kwenye kitu kizito. Chini ya hapo uigandishe kabisa kwa grisi maalumu juu ya bamba zito. Bushi zetu hazikufika hata kilo moja, na tulizipima juu ya meza ya mbao!

Kwa hiyo mizani kwanza, bei baadaye. Kama unapima shafti kubwa, rola au mtambo usiong'oleka, Leeb itakufaa sana, ilimradi uso umesuguliwa kwa msasa ukalainika na umechagua aina sahihi ya chuma kwenye menyu. Ile HRC (Rockwell C) unayoiona kwenye skrini imetafsiriwa kutoka kwenye jedwali, haikupimwa. Ukiacha menyu kwenye chuma cha kutupwa huku unapima stili, jibu ni la chuma kingine.

Kama kazi zako ni ndogondogo, nunua Rockwell ya mezani, hata iliyotumika. Hugh na Stanley Rockwell walioiombea hataza mwaka 1914 walikuwa kwenye kiwanda cha beringi huko Connecticut, Marekani, na shida yao ilikuwa ringi za beringi, jamaa wa bushi zetu. Koni ya almasi inakandamizwa kwanza kwa kilo 10, kisha jumla 150, na kinachosomwa ni kina: kila pointi moja ni milimita 0.002. Ndiyo maana vumbi kidogo chini ya kazi linatosha kukuharibia kipimo. Futa. Pia usipige alama mbili zikikaribiana.

Bushi iliyokazwa ngozi tu, ndani laini, ni habari nyingine: kilo 150 zinaweza kupenya ngozi yote, kwa hiyo tafuta skeli ya mzigo mdogo. Na mpira, kama sili, una kipimo chake, Shore A, kinachotaka unene wa milimita 6.

Usikubali mashine isiyo na kipande cha kuhakikia chenye namba ya ugumu wake iliyochongwa. Kipime kila asubuhi kabla ya kazi.

Zile tano tulizipeleka kwa jirani mwenye Rockwell, tukapima kwenye uso bapa wa ncha. 58, 58, 57, 58, 59. Mteja akazipokea, akauliza zingine saba ziko wapi.