Kabla hujasema umeiona maada giza, niambie katalogi gani

Assalaam alaykum vijana mnaotafuta maada giza, ile maada isiyotoa mwanga, kwa mionzi ya gama inayodakwa na darubini ya angani Fermi. Juzi usiku mmoja wenu kaniletea wasapu ramani ya TS (namba inayopima ishara imejitokeza kiasi gani), katikati pamewaka pekundu, chini kaandika "dada, TS 27, naona tumeipata". Nikamuuliza swali moja tu, XML (faili la modeli, lenye vyanzo vyote vya gama vya eneo lile) umeitoa wapi? "Nimekopi kwa mwenzangu." Na huyo mwenzake kakopi kwa aliyemtangulia, na mi faili lile nalijua maana limeanzia kwangu. Ndo maana naandika.

1. Zenithi 90, yaani pembe kutoka utosini. Ukianzia nishati ya MeV 100 kata kila fotoni iliyozidi digrii 90, ukingo wa dunia unang'ara kwa gama kuliko hicho unachokitafuta. Hili nshalisema mpaka nimechoka jamani.

2. Katalogi, yaani orodha ya vyanzo vya gama vilivyokwishajulikana, iendane na data. Hapa nikae kidogo.

Nilipoanza nilipewa galaksi kibete moja, na mnajua kwa nini tunavipenda vibete, gesi hamna, pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka na kutoa gama) hamna za maana, maada giza imejaa tele na chembe zake zikigongana huenda zikatoa gama, gama ikitoka pale huna mwengine wa kumsingizia. Data yangu ya Fermi ilikuwa ya miaka 11, lakini modeli nimeijenga kwa 3FGL, katalogi ya tatu ya Fermi, iliyotengenezwa kwa data ya miaka 4 ya mwanzo, vyanzo 3,033. 4FGL, ya nne, ilikuwa imeshatoka na vyanzo 5,064, ila faili la zamani lilikuwa lafanya kazi, halileti eror, na mi nina haraka zangu. Fiti, yaani kuilinganisha modeli na data, ikakaa vizuri, TS 31. Wiki ile sikulala. Nikampigia mama yangu kule Wete, Pemba, nikamwambia mama nimeona kitu hakijaonwa na mtu, akaniuliza kitu gani nikashindwa hata kumueleza, akaniombea dua na akawaambia majirani. Nikatengeneza slaidi 20 nikasimama mbele ya watu. Slaidi ya 6 mwalimu wangu kanyanyua mkono taratibu, "na ile blaza iliyo digrii 2 pembeni umeiweka?" Blaza gani? (Blaza ni galaksi ya mbali inayotumulika gama kutoka shimo lake jeusi.) Kwenye XML yangu haimo. Miaka ile 4 ya mwanzo ilikuwa imelala, ikawaka baadae, 3FGL itaijulia wapi. Nikarudi mezani nikaiweka, TS ikatoka 31 ikaja 3. Nililia siku ile, na kilichoniliza si ukumbi, ni ile simu ya pili kwa mama.

Na jambo lenyewe nalijua tangu mtoto. Msimu wa karafuu Wete harufu inaingia mpaka chumbani unakolala, na nyie nyumbani hamjaanika hata pishi moja, kaanika jirani wa nyumba ya tatu. Fotoni za LAT, kile kifaa cha Fermi kinachodaka gama, ndo hivohivo, kwa MeV 100 zinatawanyika kama digrii 5, kwa GeV 1 (MeV 1,000) ndo zinashuka chini ya digrii 1. Sasa blaza ya digrii 2 si jirani tena huyo, mnagawana ukuta.

3. Sevu kila hatua, umeme haungoji fiti yako.

4. Hesabuni majaribio. Vibete 15, misa 20 za chembe ya maada giza, chaneli 2 za kutoa gama, hayo ni majaribio 600, lazima moja litoke juu kwa bahati tu halafu ndo hilohilo mnaniletea. Mwanafizikia Christoph Weniger mwaka 2012 alipotoa ile laini (gama zilizorundikana kwenye nishati moja) ya GeV 130 ya katikati ya galaksi yetu aliandika namba zote mbili za sigma, kipimo cha ishara iko mbali kiasi gani na bahati tu, sigma 4.6 kabla ya kuhesabu majaribio na 3.2 baada ya kuhesabu. Data ikaongezeka, ikaja Pass 8, njia mpya ya kuichakata data ya LAT, timu ya LAT ilipotafuta tena 2015 kwa data ya miaka 5.8 laini ikawa imefifia. Na mimi heshima yangu kwake iko palepale, kila kitu alikiweka wazi watu wakakipima. Hivo ndo nataka mfanye nyinyi.

Na wewe wa juzi usiku, sikukukasirikia mdogo wangu. Lifute lile faili langu, chukua 4FGL-DR4, toleo la 4FGL lililoongezwa data, jenga modeli upya, uirushe leo, unitumie TS yoyote itakayotoka hata ikiwa 0. Hiyo 0 inatupa kikomo cha juu, yaani kiwango ambacho ishara ya maada giza haiwezi kukizidi, na kikomo tunakiandika, jina lako likae mbele.