Kwa nini anazidi kupekua simu hata ukimwomba aache

Dada mleta mada, umeuliza kwa nini mumeo anapekua simu yako usiku ilhali umemwomba mara tatu aache, na kama umpe tu namba ya siri yaishe. Usimpe kwa nia hiyo, hayataisha.

Kinachomsukuma ni wasiwasi. Akifungua meseji asikute kitu, moyo unatulia, na utulivu huo ndio unaomfundisha kupekua tena wasiwasi ukirudi. Nao utarudi tu. Akikuta ujumbe uliofutwa kwenye grupu la kikoba, hasemi hakuna kitu, anasema kimefichwa. Hata ombi lako analisoma kama ushahidi, kwa sababu kwake faragha na uovu uliofichwa ni kitu kimoja.

Halafu simu yako ina siri za wengine pia. Mdogo wako aliyekutumia majibu ya vipimo vyake hakumtumia shemeji yake. Mweleze mumeo hivyo. Hoja hiyo haimgusi yeye moja kwa moja, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuipokea kuliko "hii ni simu yangu".

Kabla ya mazungumzo, fungua WhatsApp, bonyeza vitone vitatu juu kulia (kwa simu ya Android), angalia vifaa vilivyounganishwa, yaani simu au kompyuta nyingine zinazosoma WhatsApp yako. Vinaweza kufika 4, na vinapokea meseji hata simu yako ikiwa imezimwa. Hukatika vyenyewe simu isipotumika siku 14, na wewe unaitumia kila siku. Usichokitambua kitoe. Kisha nenda kwenye kufuli ya skrini, futa alama zote za vidole, usajili chako peke yake. Wengi hubadilisha namba ya siri wakaacha kidole cha mwenzao mle ndani.

Lakini kama amewahi kukupiga au kukutishia, usiondoe kifaa wala kidole chake kwanza, maana ataona ametolewa. Anza na mtu wa kukuhifadhi, au Dawati la Jinsia kituo cha polisi.

Usiongee naye pale unapomfumania na simu. Subiri mchana, mkiwa mmeshakula: "Ukiwa na wasiwasi niulize, nitakujibu. Simu sikufungulii." Jibu swali mara moja, akilirudia, mkumbushe kwamba ulishalijibu. Siku za mwanzo atabana zaidi: atanuna, atauliza lile lile hadi usiku. Ukilegea siku ya nne, ameshajua kwamba siku nne za kununa zinafungua simu.